Zamu Iliyofutwa na Radi

Mpira ninaoujua mimi hausimami kwa sababu ya mvua. Nimekulia Mbeya, na Mbeya ukisema usubiri mvua ikatike ndipo ucheze, utangoja sana. Wachezaji wanateleza kwenye tope, mpira unanasa kwenye dimbwi, watu wanacheka, mechi inaendelea. Kwa hiyo kocha wa besiboli aliponiambia, hapa hapa Guangzhou, kwamba mechi ya mwisho ya binti yangu inategemea mawingu, nilidhani ananitania.

Wala hakuwa na utani. Besiboli ni mchezo wa watu wanaoogopa maji, nasema kweli. Mrushaji anasimama juu ya kichuguu cha udongo, na akiteleza kidogo tu mpira unaenda kumpasua mtu kichwa. Mpira wenyewe ni wa ngozi, ukilowa unakuwa mzito na vidole havishiki. Hata uwanja umepangwa kwa kufuata jua: mpigaji ameipa magharibi mgongo, ili jua la alasiri lisimchome macho wakati mpira unamjia. Mvua ikija wanakimbilia kufunika udongo kwa turubai, nyasi zinaachwa zinyeshewe. Mimi ningefunika nyasi, maana ndizo za gharama. Binti yangu alinieleza haya yote kwa maringo, utadhani yeye ndiye aliyechora ramani.

Alikuwa na miaka kumi na minne. Tuliishi wawili kwenye chumba nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu, mimi nikinunua nguo soko la Shahe na kuzituma nyumbani kwa kontena, yeye akisoma. Mwezi wa saba alikuwa anarudi Tanzania kuanza shule ya bweni, na huko besiboli hakuna. Msimu mzima walikuwa wamemweka mbali kule kwenye nyasi, adake mipira ambayo haikumfikia. Alichotaka yeye ni kurusha, mara moja tu, kwenye mechi ya kweli. Alikuwa anajizoeza kwenye korido ya jengo letu kwa soksi zilizoviringishwa, mpaka jirani akatoka na pajama kuja kutugombeza. Mwishowe kocha akamwahidi: mechi ya mwisho, zamu ya mwisho, utarusha wewe.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, na joto lilikuwa lile la mwisho wa mwezi wa sita, unavaa nguo zinalowa kabla hujafunga mlango. Nilitokea Shahe moja kwa moja na furushi la fulana begani. Nilikuwa na rafiki yangu, mama mmoja wa Lubumbashi ambaye tunanunua pamoja. Tulipofika tukakuta mechi imebakiza zamu moja. Binti yangu alikuwa ameshaanza kunyoosha mkono, na akaniona, na akajifanya hajaniona. Hapo hapo radi ikapiga.

Refa akainua mikono juu. Watoto, wazazi, mabegi, wote tukatimuliwa chini ya barabara ya juu inayopita kando ya uwanja. Hata tone moja lilikuwa halijadondoka.

“Yaya, aba bantu beko na nini?” rafiki yangu akaniuliza; yaya kwao ni dada. “Mvua haiyanyesha bado, bameshakimbia! Mon Dieu!”

Sheria yao ni kwamba baada ya radi mnasubiri nusu saa. Ikipiga nyingine, nusu saa inaanza upya. Basi tukakaa pale. Kila nusu saa ilipokaribia kutimia, ngurumo ikaja kutoka upande wa mto, na watoto wote wakaguna kwa pamoja. Binti yangu hakuguna. Alikaa juu ya begi lake akiuzungusha mpira kwenye glavu, na mimi hasira zikanipanda.

Nikamfuata kocha. Nikamwambia, kwa Kichina changu cha sokoni kinachojua bei na ubishi tu, kwamba huyu mtoto anasafiri wiki ijayo, hana mechi nyingine. Akanijibu “bu xing”, haiwezekani. Neno hilo nalisikia kila siku kwa malaoban, wenye maduka wa Shahe, ninapoomba wanipunguzie, na nimeshajifunza kwamba maana yake ni endelea kuomba. Nikaendelea kuomba. Kocha, kijana tu, hakupandisha sauti. Alinionyesha kwa kidole uzio wa chuma, nguzo ndefu za taa, kisha rungu la kupigia, la alumini, mkononi mwa mtoto, vyote vya kuvuta radi. Akaniangalia. Nikarudi kukaa.

Mvua ilipokuja ilikuja kwa fujo, ikamwaga, ikaondoka zake. Kisha nusu saa nzima ikapita bila ngurumo. Tatizo likawa kichuguu: upepo ulikuwa umefunua turubai pembeni na maji yalikuwa yametuama pale pale anapokanyaga mrushaji. Wazazi wakaenda na sponji. Mimi nikasema ngoja. Nikachana furushi langu, nikatoa fulana kumi na mbili, pamba tupu, laoban mwenyewe aliniapia asubuhi ile, nikapiga magoti nikaanza kufuta.

Haki ya Mungu, hazikunywa hata tone! Maji yalikuwa yanaviringika juu yake kama kwenye jani la gimbi. Plastiki tupu. Nilimtukana yule mwanamke aliyeniuzia kwa Kinyakyusa pale pale mbele ya wazazi, na rafiki yangu akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akafungua kitenge kilichokuwa kiunoni mwake juu ya suruali, akakitandaza kwenye dimbwi, akakikanyaga kwa miguu miwili. Kile kilikunywa. Tukakikamua, tukatandaza tena, kocha akamwaga mchanga, refa akaja kukanyaga mara tatu akasema haya.

Binti yangu akapanda.

Mpigaji wa kwanza alikuwa msichana mrefu wa timu ya pili, mabega kama mlango, ambaye siku ile alikuwa amewasumbua wote. Mpira wa kwanza akaukosa. Wa pili akauacha upite, refa akasema ni mzuri. Mimi nilikuwa nimeshika mkono wa rafiki yangu kwa nguvu nikimwumiza. Wa tatu uliondoka vizuri, kisha karibu na rungu ukashuka, na yule msichana akapiga hewa, akazunguka nusu duara. Makosa matatu, nje! Nilipiga vigelegele, wazazi wa Kichina wakageuka wote.

Alikuwa anajiandaa kwa mpigaji wa pili radi ilipopiga. Safari hii karibu sana, na mvua ikaja nayo. Refa hakusubiri. Mechi imekwisha.

Chini ya barabara ya juu kocha akatueleza taratibu: zamu isiyokamilika inafutwa, matokeo yanarudi pale zamu ya mwisho ilipokamilika. Nikamwuliza, na mirusho yake je? Akatikisa kichwa. Kwa sheria ile mwanangu hakuwa amerusha.

Nilitaka kugombana, lakini nigombane na nani, na wingu? Binti yangu alivuta kofia mpaka machoni na mabega yakaanza kutikisika. Iliniuma. Nilikaa karibu naye.

Yule msichana mrefu akaja. Bado alikuwa na helmeti kichwani. Akasimama mbele yetu, akanyoosha rungu kuelekea nafasi kavu katikati ya nguzo za zege, akasema, “Zai lai.” Rudia.

Binti yangu akapangusa uso. Akahesabu hatua zake mpaka kwenye nguzo ya mbali, akageuka. Kocha aliona. Akatupa mgongo, akaanza kukusanya glavu ambazo zilikuwa zimeshakusanywa.

Wa kwanza yule msichana akaukosa tena. Wa pili akaupiga. Jamani, aliupiga! Uligonga nguzo, ukaruka mabegi, ukapita karibu na sikio la rafiki yangu akapiga yowe.

“Umeona sasa!” nikafoka nikimfuata binti yangu. “Si ulikuwa umeshamshinda? Ungemwacha hivyo hivyo!”

Hata hakunisikiliza. Alikuwa ameshauokota mpira, anaufuta kwenye suruali, anacheka na machozi bado yako mashavuni.

“Mama, sogea,” akaniambia. “Umesimama uwanjani.”

Nikasogea.