Dalmas Khisa Anamaliza Notisi ya Mtoto

Dalmas Khisa alikuwa mgeuza njia za gari moshi pale stesheni ya Nakuru, na tangu aajiriwe hakuna jambo alilolifanya bila kanuni. Hata chai nyumbani kwake, tulidhani ilingoja ruhusa ndipo iondoke mekoni. Sisi majirani wa landi, zile nyumba za safu za wafanyakazi wa reli, tulimpenda hivyo hivyo, kama unavyopenda saa ya ukutani yenye kelele: ukishaizoea, usingizi unaupata.

Mwaka wa hamsini na sita mkewe, Nasimiyu, alipata kazi ya kuchambua maua ya pareto. Binti yao Nanyama, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kukimbia, akapelekwa mtaa wa Bondeni kwa Mama Kuluthum, ambaye alilea watoto wa watu uani kwake huku akifua nguo za watu. Mtu mwingine angesalimia, akaacha mtoto, akaenda kazini. Dalmas alimwita Mzee Alamin, fundi cherehani wa jirani, awe shahidi. Akatamka masharti: ada italipwa mwanzo wa mwezi, na anayetaka kuacha, awe mzazi awe mlezi, atoe notisi ya mwezi mzima.

"Mwanangu," Mzee Alamin akauliza, "unaacha mtoto au unakodisha injini?"

"Kanuni ndiyo inazuia ajali, mzee."

Jioni moja Nasimiyu alienda kumchukua mtoto, akamkuta kando ya pipa la kufulia. Maji yalikuwa yanatokota juu ya kuni, na Nanyama ameinua mkono anaukamata mvuke. Mama Kuluthum alikuwa mlangoni akibishana na mteja kuhusu shuka.

"Pale harudi," Nasimiyu alimwambia mumewe walipofika nyumbani.

"Sawa kabisa. Kesho natoa notisi, halafu amalize mwezi wake."

"Amalize nini?"

"Notisi, Mama Nanyama. Hata mimi nikitaka kuacha reli, siwezi kutupa bendera ya kuongozea gari moshi nikaenda zangu."

"Huyu mtoto bado anakojoa kitandani, wewe unamfanyia mambo ya karani!"

"Ada tumeshalipa. Nafasi ikae tu? Hilo si behewa tupu linavutwa mpaka Kisumu?"

"Basi panda wewe. Si umeanza likizo?"

Alikuwa anamkejeli. Mume mwingine angenuna, akala ugali wake kimya. Dalmas alikuna kidevu, na asubuhi akawa Bondeni, amenyoa ndevu.

"Mtoto yuko wapi?" Mama Kuluthum akauliza.

"Nimetoa notisi, mama. Na nafasi yake nitaikalia mimi mpaka mwezi uishe."

Mzee Alamin akaitwa. Alifikiri, akasema, "Mlipatana nafasi moja. Umri hamkutaja." Kisha akarudi haraka kwenye cherehani yake, maana kicheko kilikuwa kimemfika kooni.

Basi Dalmas akanywa uji kwenye kikombe kidogo cha bati. Mchana alilazwa mkekani pamoja na wenzake, miguu yote imebaki vumbini. Tulipita pale makusudi. "Mtoto mzuri, umekula?" tulimwuliza, naye akafumba macho kama aliyelala.

Kulala kulimchosha. Alitafuta kitambaa chekundu akasimama mbele ya pipa. Mtoto akisogea, bendera inapanda. Mama Kuluthum naye akija na beseni la nguo, bendera inapanda.

"Wewe baba, hapa ni kwangu!"

"Njia haijafunguliwa, mama."

Wakiwa wanabishana hivyo, Samsam, mjukuu wa Mama Kuluthum mwenyewe, alipita mbio chini ya bendera akifukuza paka. Dalmas aliruka akamdaka gauni. Goti lake likagonga pipa, maji yakamwagika, na mguu wake wa kushoto ukayapokea.

Walimchovya mguu kwenye maji baridi. Mama Kuluthum alimkumbatia Samsam. Dalmas hakuulalamikia mguu.

"Ningemleta wangu hapa," alisema polepole. "Leo hii. Eti notisi."

"Nenda nyumbani, baba. Pipa nitalitoa uani, lakini kwa sasa mahali hapa hapafai, nakubali. Notisi imekwisha, na ada iliyobaki nitakurudishia."

"Haiwezi kuisha bila shahidi."

"Mzee Alamiiin!" Sauti ilifika sokoni.

Mzee Alamin akaja, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. "Imekwisha," akasema. "Na wewe, mwanangu, siku nyingine moto ukimkaribia mtoto, mtoe kwanza, ndipo uniite."

Dalmas alichechemea mpaka landi. Nasimiyu alimpaka dawa bila kumcheka, jambo lililomtia wasiwasi zaidi.

"Tutatafuta mlezi mwingine," akasema. "Lakini kesho naenda kazini. Nani atabaki naye?"

"Mimi, likizo bado ipo. Ila tuelewane mapema, Mama Nanyama. Kama upande mmoja utataka kuacha…"

Nasimiyu alimweka mtoto mapajani mwa mumewe, upande wa mguu ule mzima, akachukua ndoo kwenda kuteka maji.