Mabaka ya Mwalimu Fanisi

Siku yangu ya kwanza kazini sikuruhusiwa kugusa hadubini. Ilikuwa mwaka uliofuata Uhuru, nami nilikuwa msichana wa pekee katika maabara ya hospitali moja ya serikali upande wa Kakamega. Msimamizi wa Maabara, mzee mwembamba aliyepiga pasi hata leso yake, alinitazama toka kichwani hadi miguuni, kisha akanionyesha beseni lililojaa vioo vichafu.

"Osha hivyo, Rispa. Ukiacha alama ya kidole hapo, daktari atatibu kidole chako."

Niliosha vioo mwezi mzima. Baadaye nilifundishwa kupima choo. Wagonjwa walikileta ndani ya viberiti vitupu, wengine kwenye kipande cha jani la mgomba. Tulichukua kidogo kwa kijiti, tukachanganya na tone la maji ya chumvi juu ya kioo, tukatafuta mayai ya minyoo. Kufikia mwaka wa pili nilikuwa na mkono mwepesi, na nilijivunia wepesi huo kuliko ilivyofaa.

Ndipo alipokuja Mwalimu Fanisi, mama kutoka shule moja ya msingi upande wa Malava. Jua lilikuwa kali, lakini alivaa sweta lenye mikono mirefu. Karatasi ya Daktari wa Wilaya ilisema ana mwasho wa muda mrefu, apimwe choo. Nilitazama kioo kimoja, nikaandika: hakuna minyoo. Wiki iliyofuata alirudi, nikaandika vilevile.

Mara ya tatu alikaa kwenye benchi letu, akafunika uso kwa mikono.

"Dada, yanakujanga jioni," aliniambia. "Mabaka yaliyovimba, mwili mzima, mdomo unafura. Asubuhi nikifika kwa daktari yamekwisha. Mwaka wa pili huu. Wazazi wanasema ni ukoma, wengine wanasema nimerogwa. Kamati ya shule imenipa wiki mbili nilete barua ya hospitali, ama nifungashe vitu vyangu. Na daktari anasema hawezi kuandikia ugonjwa asiouona."

Msimamizi alikuwa akisikiliza mlangoni. Aliingia. Alimchoma mwalimu kidoleni, akatandaza tone la damu kwenye kioo, akalitia rangi, akaniita.

"Hesabu chembe nyeupe."

Kuna aina moja ya chembe nyeupe iitwayo eosinofili, yenye punje nyekundu ndani kama mtama mwekundu. Kwa kawaida unaziona chache sana. Kwa Mwalimu Fanisi nilizikuta kila niliposogeza kioo.

"Hizo huongezeka mwili ukipigana na minyoo, ama ukiwa na mzio," alisema Msimamizi. Mzio ni pale mwili unapokipiga vita kitu hata vita vyenyewe vikamuumiza mwenye mwili. "Sasa niambie. Zile mara mbili ulitazama vioo vingapi?"

"Kimoja kimoja."

"Mpaka pembeni?"

Nilitazama sakafu. "Hapana, Bwana Msimamizi. Foleni ilikuwa ndefu."

"Basi hukupaswa kuandika hakuna. Ungeandika hukuona."

Hakupaza sauti, na hilo liliniuma zaidi. Niliwaza yule mama akibeba sanduku lake kurudi kwao kwa sababu ya mwandiko wangu.

Tulifanya njia ndefu. Nilikoroga chumvi ya jikoni ndani ya maji hadi ikakataa kuyeyuka, nikachanganya choo humo ndani ya chupa ndogo, nikaijaza hadi mdomoni na kuifunika kwa kioo. Mayai ya minyoo ni mepesi kuliko maji mazito ya namna hiyo. Hupanda juu yakanasa kwenye kioo. Nilingoja, nikakiinua, nikatazama pembe hadi pembe. Karibu na ukingo niliona yai moja la rangi ya kahawia, ganda lake lina matuta. Kisha la pili. Minyoo ya duara.

"Yapo!" nilipiga kelele kama mtu aliyempata mtoto wake aliyepotea sokoni.

Msimamizi alimgeukia mwalimu. "Unakulanga nini kibichi?"

"Karoti," alijibu. "Za bustani ya shule. Nikipalilia nang'oa moja, naipangusa kwa leso, natafuna."

"Na vyoo vya shule viko wapi?"

"Juu ya bustani. Mvua kubwa ikinyesha, vinafurika."

Msimamizi alinituma mimi mwenyewe kupeleka karatasi mpya kwa Daktari wa Wilaya, nami nikakiri kosa langu mbele yake. Alisoma, akatingisha kichwa, akamwita mwalimu.

"Siwezi kukuahidi kitu, Mwalimu. Mabaka ya namna hii yana sababu nyingi, na minyoo ni moja tu. Tutaitoa, kisha tutangoja. Ila barua nitaandika leo: si ukoma, na ugonjwa huu hauambukizi mtu kwa kumgusa."

Alipewa piperazini, dawa ya maji ya kutoa minyoo. Siku zile nilihesabu majuma. Majuma mawili ya kwanza alileta habari kwamba mabaka bado yanatoka, nami nikakosa hamu ya kula. Juma la sita aliingia maabarani na gauni la mikono mifupi, akanyoosha mikono yote miwili mbele ya uso wangu. Ngozi ilikuwa laini. Tulicheka hadi Msimamizi akaja kututuliza, kisha akacheka yeye pia. Kamati ilimbakisha, na bustani ikahamishiwa upande wa juu wa vyoo.

Baadaye nilihamishiwa Mumias, kisha Lugari, ambako niliitwa Msimamizi mimi mwenyewe. Niliona wagonjwa wengi wa mabaka. Wengine tuliwakuta na minyoo; wengi hatukuwakuta na chochote, na hao niliwaambia ukweli kwamba sikujua. Ninyi mnaoanza kazi hii leo mna mashine nzuri. Bado mtu amekaa kwenye benchi akingoja neno lenu.

Nilipostaafu nilikabidhi funguo saa sita mchana. Kesho yake nilikaa jikoni kwangu nikanywa chai polepole, na kwa mara ya kwanza tangu usichana wangu, hapakuwa na mtu yeyote duniani aliyengoja karatasi yenye sahihi yangu.