Mafuta ya Ekseli ya Mzee Harm

Saa nne asubuhi, mjini Zwolle, Geertje Wiersema anazima redio na kuegemeza sikio kwenye mpini wa bisibisi. Ncha ya bisibisi imegusa tumbo la mashine ya santuri. Sahani inazunguka taratibu, na chini yake kuna mkwaruzo kama wa mchanga ndani ya kiatu.

"Mzee, ulitia nini humu?" anauliza.

Harm Veldkamp, mwoka mikate mstaafu, anaitazama biskuti yake. Anasema alipulizia kidogo tu. Kidogo cha nini? Mafuta ya mnyororo wa baiskeli.

"Basi ungeipanda uende nayo kanisani."

Harm hacheki. Jumapili kaka yake, Berend, anafika kutoka Kanada. Nyumbani kuna santuri ya bendi ambamo marehemu baba yao alipiga tarumbeta. Ilirekodiwa Berend akiwa ameshahama, na hajawahi kuisikia.

Geertje, mwenye miaka 58, hutengeneza mashine hizi katika banda lililo nyuma ya nyumba yake. Anaeleza kuwa mafuta ya kupulizia huosha yale ya zamani kisha hukauka, chuma kikabaki kinasaga chuma. Bushi, kibomba cha chuma ambamo ekseli ya sahani huzunguka, imeanza kulika, na vipuri vyake havitengenezwi tena. Ikiharibika, basi.

Anasafisha ekseli, kisha anaanza na mafuta ya cherehani. Ni mepesi; ekseli inazama ndani ya bushi mara moja kama kijiko kwenye chai. Mkwaruzo umepungua, lakini upo.

Anafuta, anajaribu mazito kabisa. Kelele inakwisha, ila mota inalemewa. Santuri ya majaribio inaimba kama mtu mwenye mafua.

Harm anashauri wachanganye yote mawili.

"Huu si unga, mzee wangu. Kunywa kahawa."

Chupa ya tatu ni mafuta ya mashine za kiwandani, ya unene wa kati. Anadondosha matone machache na kuachia ekseli. Inashuka polepole, ikisukuma hewa nje. Hawaiharakishi. Kahawa inakwisha kabla ekseli haijafika chini.

Sasa sahani inazunguka kwa kasi yake. Geertje anasikiliza kwa muda mrefu, kisha anampa Harm bisibisi.

"Sisikii kitu," anasema Harm. "Lakini binti yangu, mimi hata kengele ya mlango siisikii."

Geertje anacheka, ila hampi ahadi. Bushi iliyolika, anasema, inaweza kutulia miaka au ikaanza tena kesho. Harm anafunga mashine kwa blanketi na kumwomba aje Jumapili.

Atakwenda. Ameshatenga chupa ndogo ya mafuta yale yale ya kuweka kwenye mkoba.

"Wao watamsikiliza baba yao, mimi nitakaa karibu na mashine," anasema. "Natumaini chupa itarudi nyumbani bila kufunguliwa."