Filimbi ya Baba

Baba alivuka mpaka kutoka Kigoma akaja mtaa wetu wa Buyenzi akiwa kijana. Akaoa, akazaa, akazeekea gereji, na bado majirani walimwita mgeni. Lakini Jumapili alipopuliza filimbi uwanjani, hao hao walimtii. Alichezesha mechi za mtaa bila malipo, na mgonjwa akizidiwa, yeye ndiye aliyempeleka hospitali kwa pikapu ya gereji.

Vita vilipoanza, wapo waliomwambia havimhusu, arudi kwao. Upuuzi mtupu! Risasi haimuulizi mtu amezaliwa wapi.

Kisha tukasikia kwamba katika mitaa mingine wauaji walikuwa wakiitana kwa filimbi. Jumapili iliyofuata Baba alipuliza penalti, na uwanja mzima ukatimua mbio. Wachezaji waliruka kuta, wanawake wakakomea milango, mpira ukabaki peke yake. Tangu siku ile alichezesha kwa kupunga kitambaa, na filimbi akaifungia kabatini. Nilikichukia kitambaa kile. Mpira gani huo, kama mazishi?

Mchana mmoja, miezi mingi baadaye, filimbi ikalia upande wa uwanjani. Mama alikuwa uani akikaanga ndagala, dagaa wa ziwani, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nikasikia furaha katika sauti yake.

"Munasikia? Papa yenu ameanza tena filimbi yake!"

Baba alikuwa ameingia kwa mlango wa mbele muda mfupi kabla. Alikuwa amekaa nasi mkekani, akisikiliza.