Nilienda Mamboleo kununua German Shepherd, nikakuta sahihi ya marehemu mume wangu kwenye papers

Wakuu, nawasalimu wote kutoka Kisumu, wake kwa waume.

Mimi huwa nasoma tu hapa, sichangii. Shule niliachia Form Two, kwa hivyo mkiona nimeandika vibaya mahali mnisamehe. Lakini haya yalinipata mimi mwenyewe na sijaongeza kitu. Pale nilipofanya ujinga pia nitasema.

Ninaandika kwa sababu kuna karatasi za mbwa zinazunguka huku kwetu, Kisumu na Busia, zikiwa na jina la mume wangu kama mfugaji. Mume wangu hakuwa tapeli. Sitaki mtu akae na hiyo karatasi nyumbani kwake akimlaani.

Nianze mwanzo.

Mume wangu, ambaye namwita Baba Akinyi kwa jina la binti yetu, alikuwa askari wa mbwa kwenye kampuni moja ya ulinzi hapa mjini. Kabla hatujapata mtoto alienda Nairobi akanunua mbwa wake mwenyewe, German Shepherd jike, na papers zake, yaani karatasi za ukoo. Kwenye papers aliitwa Milimasaba Tessa. Milimasaba ni jina la nyumba ya mfugaji alikozaliwa, Tessa ndilo lake. Watoto wa plot walimwita Teresa, mpaka mama mkwe akakasirika kwa sababu ana dada anaitwa Teresa.

Tessa alizaa mara mbili tu. Kila mara Baba Akinyi alijaza fomu ya uzao, akaituma kwa chama cha mbwa Nairobi, akangoja karatasi za kila mtoto zirudi ndipo aanze kuuza. Watu walimcheka sana.

"Bwana Ouma, mbwa wa nini na kitambulisho? Anaenda kupiga kura?"

Yeye alikuwa anajibu, "Mbwa bila karatasi ni mbwa tu, hana makosa. Lakini mtu akikudanganya kwa karatasi, jua hata chanjo amekudanganya."

Mwaka jana aliugua wiki mbili, akatuacha. Tukamzika kwao, upande wa Port Victoria.

Hapa niseme jambo ambalo wengi mtalielewa. Mkifiwa, mnaunda kamati, na mtu mmoja mnayemwamini anapewa bahasha yenye kila kitu. Kitambulisho, kadi za hospitali, vyeti, kila kitu. Anakimbia nayo huku na huku kutafuta burial permit, kile kibali cha kuzika, na mambo ya kazini. Sisi tulimpa Wycliffe. Walifanya kazi pamoja na marehemu. Ndiye aliyesoma wasifu wake siku ya mazishi, na sauti yake nzito ikafika hadi barabarani. Bahasha aliirudisha baada ya mwezi. Sikuihesabu. Nani huhesabu bahasha wakati huo?

Wiki tatu baada ya mazishi Tessa naye akakataa kula. Alikuwa mzee. Daktari wa mifugo alisema figo zimechoka. Akafa Jumanne, nikamzika mwenyewe nyuma ya nyumba Akinyi akiwa shule.

Sikumwambia mtu. Mnajua watu. Mwanamke hajamaliza kumlilia mume, ameanza kulilia mbwa? Kila aliyeuliza nilimjibu kwamba Tessa nimempeleka Port kwa ndugu za marehemu. Hata Akinyi nilimwambia hivyo. Hata Wycliffe.

Huo ndio uongo wangu. Shikeni hapo.

Sasa mwaka huu mtu alianza kutukatia waya wa fensi. Mara ya kwanza nikasema ni mbuzi. Mara ya pili waya ulikuwa umekatwa kwa koleo. Mimi nashona uniform za shule pale Kondele na hufika nyumbani jua limezama. Akinyi ana miaka kumi na miwili na hukaa peke yake tangu atoke shule. Nikaamua, mbwa lazima. Na nikataka mwenye papers, kama baba yake angetaka.

Kuna mama mteja wangu alinitumia tangazo la WhatsApp. "German Shepherd pure, papers available." Nikapiga. Akapokea mwanaume mchangamfu sana.

"Mama, unataka na papers ama bila papers?"

Nikamuuliza, kwani ni mbwa tofauti?

"Mbwa ni huyo huyo. Bei ndiyo inapanda."

Shaka ya kwanza ikaingia hapo. Karatasi ya mbwa si kachumbari eti unaongezewa ukitaka. Uzao ukiandikishwa, kila mtoto anakuwa na yake, aliyenunua kwa bei yoyote. Usipoandikishwa, hakuna mtoto anayepata. Lakini nikajiambia, wacha nione kwa macho.

Nilienda Jumamosi, mtaa wa Mamboleo hapa Kisumu. Jamaa wanamwita Dakta, ingawa yeye anauza dawa za kuku tu. Watoto walikuwa watano, wazuri, masikio bado yameanguka. Pembeni kulikuwa na mbwa jike mkubwa amefungwa.

"Huyo ndiye mama yao," akasema.

Nikamwangalia huyo mama. Tumbo limebana, chuchu ndogo kama za mbwa ambaye hajawahi kunyonyesha. Mtoto mmoja akamkaribia, akamkoromea. Watoto wote wakakimbilia sufuria ya ugali na omena.

"Mbona hawamtambui?"

"Mama, hawa ni wa kisasa. Wanajitegemea."

Nikacheka, lakini nilikuwa nimeshaamua kwenda. Nikasema tu, nionyeshe karatasi kabla sijatoka.

Akaleta faili ya plastiki. Nikasoma polepole vile Baba Akinyi alinifundisha. Jina la mtoto. Jinsia. Rangi. Tarehe ya kuzaliwa, miezi miwili iliyopita. Baba yao, jina nisilolijua.

Mama yao: Milimasaba Tessa.

Nikasoma tena. Namba ni ile ile, naijua kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nashika fomu akiandika. Chini yake, mfugaji: jina la mume wangu, majina yote matatu. Na sahihi yake. Yenyewe kabisa, na ule mkia anaouvuta chini kisha anaurudisha juu.

Ametia sahihi karatasi za mbwa waliozaliwa miezi miwili iliyopita, na yeye ana zaidi ya mwaka kaburini.

Mimi si mtu wa kupiga kelele. Niliuliza tu, "Huyu mfugaji unamjua?"

"Mzee Ouma? Huyo ni mtu wangu. Ako Port. Tumeongea na yeye jana tu."

"Jana?"

"Jana asubuhi. Ako sawa, anakula samaki tu huko."

Wakuu, nimeahidi ukweli. Kwa muda mfupi sana, nilifurahi. Nilimwona kabisa mahali fulani Port amekaa na sahani yake ya samaki, na ni sisi tuliokosea. Kisha nikakumbuka ni mimi niliyemvalisha suti ya kuzikwa.

Dakta akaendelea, hata hajaona uso wangu. "Pesa huwa namtumia mke wake. Mama mpole sana."

Mke wake! Mke wake ni mimi, na kwenye simu yangu haijawahi kuingia shilingi ya mbwa. Sasa furaha ikageuka wivu. Nikaanza kumshuku marehemu. Kumbe alikuwa na nyumba nyingine Port? Kumbe kule hawajui hata kwamba amekufa? Mtu akishaanza kushuku hawezi kusimama, anamshuku hata aliye kaburini. Hiyo ndiyo dhambi ninayojutia zaidi siku hiyo.

Nikamwambia, "Mpigie. Nina maswali kabla sijalipa."

Hakusita. Akaweka simu sauti ya nje.

"Mzee, niko na mteja hapa, ni mama. Ana maswali."

"Uliza tu, mama. Hao ni damu safi." Sauti nzito. Neno moja tu na nilijua.

Nikauliza, "Tessa alizaa wangapi?"

"Wanane. Watatu wameshaenda."

"Na yeye anakula vizuri?"

"Anakula kama askari!"

"Shemeji Wycliffe," nikasema, "ni mimi Mama Akinyi. Tessa nilimzika wiki tatu baada ya Baba Akinyi. Sikumpeleka Port."

Nikasikia jogoo akiwika upande wake. Halafu simu ikakatika.

Dakta alinitazama. "Mama, kwani unamjua Mzee Ouma?"

"Ni mume wangu. Tulimzika mwaka jana."

"Woi." Akakaa chini kwenye ndoo. "Sasa mimi nimekuwa nikiongea na nani?"

Hapo nikaona kitu ambacho sikutarajia. Yeye pia alikuwa amedanganywa, ila nusu tu. Alikiri kwamba yule jike si mama yao, ni wa kuonyesha wateja, kwa sababu "mzee" alimwambia mama yao hawezi kusafiri. Na kupanga bei mbili alipanga mwenyewe. Lakini karatasi aliamini ni za kweli. Alitaka kunipa mtoto mmoja bure ninyamaze. Nilikataa. Akinyi hakuniongelesha siku mbili, kwa sababu nilikuwa nimemwahidi mbwa.

Nilienda polisi. Afisa akanisikiliza, kalamu mkononi.

"Mama, aliyekufa ni mbwa ama ni mzee?"

"Wote wawili."

"Sasa mlalamishi ni nani?"

Alicheka kidogo, lakini aliandika. Nina namba ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi.

Jumapili iliyofuata Wycliffe alikuja nyumbani na mke wake, wamebeba sukari na unga kama watu wanaokuja kwenye matanga. Mke alikuwa analia. Ndiye "mama mpole" anayepokea pesa. Wycliffe alisema alipiga kopi ya papers za Tessa zilizokuwa kwenye bahasha, pamoja na fomu ya uzao yenye sahihi ya marehemu, ile siku ya burial permit, kisha cyber moja ya kompyuta ikamtengenezea zingine, jina na tarehe tu zinabadilishwa. Watoto wa mbwa alikuwa akinunua kwa watu vijijini, bora wafanane.

Nikamuuliza kwa nini.

"Shemeji, sikumwibia mtu wako kitu. Lile jina lilikuwa limekaa tu. Watu wanaliamini. Nikaona, mbwa yuko Port, mwenyewe hayuko, nani ataumia?"

"Mbwa yuko Port nani alikwambia?"

"Si wewe?"

Ni kweli ni mimi. Yeye alijenga wizi, lakini kiwanja nilimpa mimi, kwa sababu niliona haya kumlilia mbwa.

Waliomba yaishe hapo kwa hapo, kama ndugu. Nikawaambia sukari na unga mrudi navyo. Kisha nikamwita Akinyi, nikamwambia mbele yao kwamba Tessa alikufa, na nikamwonyesha mahali. Alilia sana. Alikuwa akimwandikia barua, wakuu, na mimi nikijifanya nazipeleka.

Jumatatu niliandika barua ya mkono kwa chama cha mbwa Nairobi, nikatia nakala ya cheti cha kifo cha mume wangu na barua ya daktari wa mifugo kuhusu Tessa. Walinijibu kwa adabu. Uzao wa Tessa walionao ni wa mara mbili tu, ule wa Baba Akinyi, na mwingine wowote haumo kwenye vitabu vyao. Kumbe ungepiga simu moja tu kuuliza namba, ungeambiwa. Dakta hakuwahi kupiga. Wateja wake pia.

Nilichojifunza nakiandika vile kinavyonijia. Mwenye mbwa jike ndiye anayeandikisha uzao, kwa hivyo taka kumwona mama yao ananyonyesha, na taka kumwona mwenye jina lililo kwenye karatasi, na kitambulisho chake, si sauti kwenye simu. Namba ile ipo ya kuulizwa, iulize kabla ya kulipa. Kama karatasi inasema mbwa ana chip chini ya ngozi, daktari wa mifugo ana mashine ya kuisoma, usiambiwe tu. Karatasi nzuri haisemi mbwa ni mzima wala mkali, inasema tu ametoka kwa nani. Na ile ya umiliki isipobadilishwa kwa jina lako, umenunua picha.

Na kwa waliofiwa: bahasha ikirudi, ihesabuni. Hata kama mnalia.

Mbwa bado sijanunua. Fensi nimeitengeneza, na Akinyi siku hizi anakuja Kondele dukani akitoka shule, anafanyia homework chini ya meza ya kukatia vitambaa.

Wycliffe alitaja mbwa kumi na mmoja. Mimi nadhani ni zaidi. Kama unaye mmoja, na kwenye karatasi mama yake ni Milimasaba Tessa, na alizaliwa mwaka huu au mwishoni mwa mwaka jana, niandikie hapa chini au inbox. Sina pesa ya kukurudishia, nisikudanganye. Nitakupa namba ya OB na nakala ya barua ya Nairobi ili umdai anayedaiwa. Kama unajua njia nyingine ya kufuata, nifundishe, nasoma maoni yote, hata ya kunitukana.

Mbwa wako usimfukuze, yeye hakuandika kitu. Mlishe, mpeleke chanjo upya.

Ila ile karatasi, tafadhali, chukua kalamu ukate jina la mfugaji.