Matope ya Tarakimu Mbili

Nilikuwa kwenye foleni ya ofisi ya mifugo, Shinyanga, mzee akaingia akichechemea. Ng'ombe mgeni amejiunga na zizi lake, hereni yake ya namba imejaa matope, na anayejaribu kuisafisha anapigwa teke.

"Inaanza tatu nane, katikati matope, mwisho saba," alimwambia binti wa kompyuta.

Binti akaandika amri ya kutafuta: tatu, nane, nukta na nyota, yaani "chochote, kirefu kiasi chochote", kisha saba. Namba zikamwagika kiooni kama mtama kwenye gunia lililotoboka.

Mzee akachungulia. "Ng'wanone, mwanangu, umeweka matope mengi mno! Yamefunika tarakimu mbili tu." Akainua vidole viwili.

Binti akacheka, akafuta nyota, akaongeza nukta ya pili: kila nukta, tarakimu moja. Ikabaki namba moja, yenye simu ya mwenyewe. Foleni nzima tukapiga makofi!

Sisi wasomi hujivunia tunayoyajua. Mzee yule alijua kwa hesabu kamili asichokijua.

Binti akapiga simu, akafungua spika. Mama aliyepokea hakungoja hata salamu ziishe.

"Huyo ng'ombe anapiga teke?"

"Sana!" alifoka mzee, ameshika goti.

"Basi ni wangu!"