Ukuta wa Bibi wa Runazi

Nilimwahidi bibi mmoja wa Runazi kwamba nitamletea jibu la kweli, hata kama halitampendeza. Aliniuliza swali lake akiwa amesimama mbele ya nyumba yake ya matofali mabichi, kiganja kimoja amekiegemeza ukutani, mahali palipokuwa na ufa.

"Shikamoo, bibi," nilimwamkia.

"Marahaba, mwarimu. Wewe umesoma. Hebu niambie, dunia siku hizi inatetemeka kuliko zamani, au ni mimi ninayezeeka?"

Nilikuwa mgeni kijijini, nimetoka chuo cha ualimu mwaka uliotangulia, nami nilidhani anauliza kwa udadisi tu. Haikuwa hivyo. Kabla ya kuhamishiwa kijijini, bibi huyu aliishi mlimani katikati ya migomba yake, katika msonge wa fito na nyasi. Ardhi ilipotikisika, watu wa nyumba yake hawakukimbia. Walikaa walipokuwa, wakaishika nguzo ya kati, na nyumba ikayumba kama kapu lililobebwa kichwani mpaka mtikisiko upite. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake.

Kisha ikaja operesheni ya vijiji. Nyumba zikapangwa kwa mstari ulionyooka kando ya barabara, za pembe nne, za matofali. Misonge ilipigwa marufuku kwa kuwa, waliambiwa, inawatia aibu mbele ya wageni wa wilaya. Matofali yalifyatuliwa wakati wa mvua, kwa sababu siku ya kuhamia ilikuwa imekwisha kupangwa na mvua haikuulizwa. Tangu hapo kila tetemeko lilipopita, ufa wa bibi ulipanuka. Aliomba ruhusa ya kujenga msonge mdogo nyuma ya nyumba, wa kulala tu. Mwenyekiti wa kijiji akamjibu kwamba alete kwanza ushahidi kuwa matetemeko yameongezeka. Mpango wa kijiji haubadilishwi kwa hofu ya mtu mmoja.

Wakati wa likizo nilisafiri hadi Bukoba, nikamtafuta mkufunzi aliyenifundisha jiografia. Alinijibu bila kusitasita. La, hakuna ushahidi kwamba dunia inatetemeka zaidi. Vilivyoongezeka ni vyombo vya kupimia, vinavyonasa hata mitikisiko ambayo hakuna binadamu angeihisi. Zimeongezeka redio, ambazo hutuletea jioni ileile habari za mji uliobomoka ng'ambo ya bahari. Mwaka mmoja huwa na matetemeko makubwa mengi, mwingine machache, nasi hukumbuka ule wa mengi. Na wameongezeka watu wanaolala chini ya kuta nzito. Mara nyingi kinachoua, alisema, ni nyumba.

Nilirudi na jibu hilo zima. Kwenye mkutano wa kijiji mwenyekiti akanisimamisha.

"Ndugu mwalimu, tuambie. Yanaongezeka au hayaongezeki?"

"Hayaongezeki, ndugu mwenyekiti, lakini kuta—"

"Makofi kwa mwalimu!"

Makofi yakapigwa. Nilipojaribu kuendelea, mtu akapaza sauti kutoka nyuma: "Bibi anataka kurudi kwenye kichuguu!" Watu wakaangua kicheko.

"Cheka tu, mjukuu wangu," bibi alisema bila kugeuka. "Wewe umewahi kuona kichuguu kimewaangukia mchwa?"

Walicheka zaidi, safari hii wakiwa upande wake. Hata hivyo mikono ilipoinuliwa, ombi lilikataliwa, na mkutano ukahamia kwenye shamba la pamoja la mihogo. Baadaye nilimfuata bibi kumweleza.

"Wewe umeleta ulichoahidi," aliniambia. "Wao wamekula nusu."

Vita vya mpakani vilipoanza, malori ya jeshi yakawa yanapita njia panda ya Nyakanazi kuelekea kaskazini, na mgambo wakatufundisha la kufanya ndege za adui zikija. Mkisikia mngurumo na filimbi ikalia, ingieni ndani, fungeni milango, laleni chini. Watu walijizoeza mpaka hata vikongwe wakawa wepesi.

Alasiri moja bibi alikuwa amekaa nje akipepeta maharage. Ardhi ilinguruma kabla ya kutikisika. Mgambo wa zamu alikuwa amefundishwa maana moja tu ya mngurumo, akapuliza filimbi. Kijiji kizima, kilichokuwa salama mashambani na uani, kikakimbilia ndani ya matofali.

"Nilijua ni ardhi," bibi alinieleza hospitalini Biharamulo. "Lakini ningebaki nje peke yangu, si wangesema ninawaonyesha adui kijiji kilipo?"

Aliingia, akalala chini kama alivyoagizwa, na ukuta wenye ufa ukamwangukia miguuni. Nyumba nyingine zilipasuka tu. Mguu wake mmoja uliunga vibaya, na sasa anatembelea fimbo mbili.

Wageni wa wilaya walipokuja kumpa pole, waliambiwa kwamba bibi huyu ameumia kwa ajili ya vita. Haukuwa uongo mtupu, na ndiyo maana walirudi wameridhika. Kisha wanakijiji wakamjengea upya nyumba yake, kwa ngoma na kwa moyo mweupe, bila malipo, kama tulivyokuwa tukifundisha darasani kwamba watu wasaidiane. Waliijenga kwa matofali mabichi, kwenye mstari uleule. Wema wao ndio unaoniuma kuliko kicheko cha siku ile. Mimi bado ninaamini katika ujamaa, lakini sijasoma popote kwamba ujamaa una pembe nne.

Vita vimekwisha. Bibi amekivuta kitanda chake hadi karibu na mlango, na ukuta mpya umeanza kupasuka juu ya dirisha. Nikipita huniuliza kama ile nusu ya pili ya jibu langu bado ipo. Namwambia ipo.

Wewe unayesoma, kama una sauti wilayani, tafadhali waombe wamruhusu bibi huyu alale kwenye msonge.